Je, Mwenye Kushauri Ana Dhamana?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, katika darasa letu la baada ya Magharibi liliulizwa swali hili: mtu akitakwa shauri akashauri vibaya, na kwa shauri lake akadhurika mtu wa tatu asiyekuwapo wala asiyejua neno, je, mshauri huyo ana dhamana? Baadhi ya ndugu zetu walisema kuwa hana, kwani yeye alisema maneno tu, na mwenye kutenda ni mwengine. Wengine walisema kuwa anayo. Jibu langu halikuwatosheleza, wala halikunitosheleza mimi mwenyewe. Basi nikaahidi kuliandikia, na leo natimiza ahadi, nikianza na khabari mbili: moja ya mbali na moja ya karibu.

Khabari ya mbali ni ya Ndanai. Huu ni mji mdogo katika Kaunti ya Bomet, upande wa Sotik, katika nchi ya Wakipsigis. Mtu anayetoka kwetu pwani hufika huko baada ya safari ndefu, akiwa amekwisha kuona mashamba ya chai ya Kericho yakipanda na kushuka vilima, na asubuhi hulazimika kutia wudhu kwa maji ya baridi kali. Waislamu huko ni wachache. Mmoja wao ni jamaa yetu wa asili ya Mombasa, aliyekwenda kijana akiuza nguo sokoni, naye sasa ana duka lake. Nilialikwa kwake kwa shughuli ya nikahi.

Baada ya shughuli akaniketisha pembeni pamoja na bintiye, aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama ya C+ katika mtihani wa KCSE. Baba akasema: "Sheikh, nataka umwambie huyu mtoto awe daktari. Hapa zamani aliyekosa shule alichuma majani chai akapata chakula. Leo mashamba makubwa yanachuma kwa mashine. Umesikia vile watu walivyoandamana Kericho mwaka 2023 hata mashine zikatiwa moto. Kazi iliyobaki isiyochumwa na mashine ni ya hospitali. Na mwalimu wake ananivunjia mtoto."

Nikamuuliza, amekuvunjia vipi? Akaeleza kuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya binti huyo, mwanamke wa Kikipsigis, aliwaambia wazi kwamba kwa alama hizo hatapata nafasi ya kusomea udaktari katika chuo kikuu cha serikali, lakini anaweza kuomba uuguzi au kazi ya maabara, naye yuko tayari kumsaidia kujaza fomu. Baba aliyachukua maneno hayo kuwa ni husuda. Akasema: "Anatuonea kwa sababu sisi ni Waislamu na ni wageni." Tena alikuwa na karatasi za wakala mmoja, aliyeahidi kumpeleka binti kusomea udaktari ng'ambo kwa malipo makubwa, naye alikuwa tayari kuuza nusu ya mali ya duka. Alichotaka kwangu ni neno moja tu: "Tawakali."

Neno hilo, ndugu zangu, mimi nalijua. Niliwahi kulitoa zamani, na hii ndiyo khabari ya karibu.

Miaka mingi iliyopita, kijana mmoja niliyemsomesha Qur'ani hapa mjini alinijia na mama yake, mjane. Alama zake zilikuwa C-. Kulikuwa na chuo kimoja kilichokodi ghorofa juu ya maduka, kikiahidi kumfanya mtu tabibu kwa miaka miwili. Wakaniuliza: aingie, asiingie? Mimi sikukijua chuo kile. Sikuuliza kimeandikishwa na nani, wala walimu wake ni akina nani. Niliona uso wa mama umejaa matumaini, nikaona vibaya kuuzima. Nikasema: "Tawakali, mwanangu. Mungu hamtupi mja wake." Mama akauza bangili zake za dhahabu, na fungu lake katika nyumba ya urithi akaliweka rehani.

Baada ya miaka miwili ikabainika kuwa chuo kile hakikutambuliwa na baraza lolote linalosimamia kazi za tiba. Karatasi aliyopewa kijana haikumpa ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Lakini deni lilikuwapo, na aibu ilikuwapo, na mtaani watu walikwisha kuanza kumwita "daktari." Basi akafungua chumba cha dawa na kuanza kupiga watu sindano. Siku moja akaletewa mtoto mwenye homa. Sindano ikaingia pasipo mahali pake, na mguu wa mtoto yule ukalegea. Leo ni kijana, naye huchechemea. Kila nimuonapo akipita mlangoni mwa msikiti hujiuliza swali lile lililoulizwa darasani.

Tulitazame sasa kwa ilimu. Katika fiqhi ziko khabari mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Ya kwanza ni hukumu ya kadhi. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba mwenye kujitia utabibu ilhali hajulikani kuwa na ilimu ya tiba, huyo ni mwenye dhamana ya madhara atakayoyaleta. Na wanavyuoni wameweka kanuni kwamba wakikutana mwenye kutenda kwa mkono wake na mwenye kusababisha, hukumu huegemezwa kwa mwenye kutenda. Kwa hivyo kadhi, akiletewa kesi ya mguu wa mtoto yule, atamuandama mwenye sindano. Mimi niliyesema "tawakali" hatanigusa. Ndugu zetu waliosema kuwa mshauri hana dhamana, kwa upande huu wamesema kweli.

Ya pili ni hisabu mbele ya Mwenyezi Mungu, na hapa mlango haufungwi kwa kanuni ile. Abu Daud amepokea pia khabari ya mtu aliyekuwa safarini akapasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamuonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwahisabia watu wale kuwa ndio waliomuua, akawalaumu kwa kuwa hawakuuliza walipokuwa hawajui, akafundisha kwamba dawa ya ujinga ni kuuliza.

Tuitazame khabari hii vizuri. Watu wale hawakumpiga jiwe. Hawakummiminia maji. Hawakumtakia shari, huenda walidhani wanaihifadhi dini yake. Walisema maneno tu, kama nilivyosema mimi. Wala hawakujua kuwa wamekosea. Lakini kutojua kwao hakukuwa udhuru, kwani walikuwa na njia ya kuuliza na hawakuuliza. Basi kosa la mshauri haliko katika kuikosa kweli pekee, kwani mwanadamu hukosa. Kosa lake ni kufungua kinywa katika jambo ambalo hakulitafutia ilimu, ilhali mwenzake atalijengea maisha yake.

Mtu atasema: Sheikh, huoni kuwa ukimwambia kijana "hutafika" umemkatisha tamaa, na kukata tamaa katika rehema ya Mungu ni haramu? Hili ni swali la maana, nalo ndilo lililonidanganya mimi. Jawabu yake ni kuwa rehema ya Mwenyezi Mungu na nafasi ya chuo kikuu si kitu kimoja. Kumwambia mtu kuwa mlango huu umefungwa si kumwambia kuwa Mwenye milango yote amemtupa. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee, na kuuliza khabari za chuo kabla ya kulipa karo ndiko kumfunga ngamia. Tawakali yangu mimi ilikuwa kumwachia ngamia jangwani na kumtaka mama mjane aombe dua.

Tena tutazame kisa cha bibi Fatima binti Qays, kilichomo katika Sahihi Muslim. Alipoposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Naye hakumwambia kuwa wote ni watu wema na achague amtakaye, ingawa maneno hayo yangekuwa mepesi na yasingemuudhi mtu. Alimwambia kuwa Muawiya ni fakiri asiye na mali, na kuwa Abu Jahm hashushi fimbo begani mwake, kisha akamuelekeza kwa Usama. Mwanzo shauri hilo halikumpendeza Fatima, lakini baadaye aliona kheri ndani yake. Kusengenya ni haramu, na kumtaja mtu kwa upungufu wake ni jambo zito. Lakini palipotakwa shauri, kweli ilitangulia, kwa sababu aliyeuliza ndiye atakayeishi katika nyumba hiyo.

Na katika jambo letu hili la watoto wanaotaka kazi za tiba kuna ziada. Mwenye kutaka shauri la ndoa au la biashara, akidanganywa huumia yeye na watu wake. Mwenye kutaka shauri la kuwa tabibu ana watu nyuma yake ambao hatuwaoni. Yuko mama atakayejifungua usiku wa manane miaka 10 ijayo. Yuko mzee atakayepimiwa dawa ya moyo. Yuko mtoto mwenye homa. Hao hawako chumbani tunapoulizwa, wala hawana wa kuwasemea, nao wana haki juu ya ulimi wetu. Tukimpendezesha mzazi aliye mbele yetu kwa kumdhulumu mgonjwa asiyekuwapo, hatukutenda wema. Tumetoa sadaka kwa mali ya mtu mwengine.

Basi kama kuuliza ndiyo dawa, yatupasa tujue khabari hizi zilivyo, na hapa nitasema niliyoyapata kwa kuuliza, ingawa niliuliza nikiwa nimechelewa.

Katika nchi yetu ya Kenya, alama ya chini kabisa ya kuingia shahada ni C+. Lakini hiyo ni alama ya mlango wa chuo kikuu kwa jumla, si ya mlango wa udaktari. Idara ya KUCCPS, inayowapangia wanafunzi nafasi, hutazama alama za masomo maalumu, yaani Bayolojia, Kemia, Hesabati au Fizikia, na lugha. Na kwa kuwa nafasi ni chache na waombaji ni wengi, nafasi za udaktari huenda kwa wenye alama za juu kabisa. Masomo huchukua miaka 6, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini. Wala mzazi asidhani kuwa siku ya joho ni siku ya mshahara. Mwaka 2024 madaktari walifanya mgomo wa siku 56, na moja katika sababu zake kubwa ilikuwa wahitimu kungojea kupangiwa mazoezi na ugomvi juu ya malipo yao. Asiyemwambia mzazi haya amemficha nusu ya njia.

Lakini tiba si daktari peke yake, na hili ndilo watu wetu wa pwani hawataki kulisikia. Chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kilichoanza mwaka 1927, hufundisha uuguzi, uafisa wa kliniki, maabara, dawa, picha za eksirei, lishe na kazi nyenginezo. Stashahada zake hutaka alama ya C pamoja na alama zilizotajwa katika masomo yake, na nyingi huchukua miaka 3. Aliyeanza na stashahada ya uuguzi au ya kliniki anaweza baadaye kujiendeleza hata shahada. Na kila kazi ina baraza lake: madaktari wana lao, wauguzi wana lao, maafisa wa kliniki wana lao, na dawa ziko chini ya bodi yake. Kabla ya kulipa shilingi moja, mzazi na aliulize baraza la kazi hiyo kama chuo kinatambuliwa. Na anayekwenda ng'ambo ajue kuwa akirudi atakabiliwa na mtihani wa baraza la madaktari la nchi hii kabla ya kuruhusiwa kuanza mazoezi. Swali hili la siku moja lingeziokoa bangili za mama yule, na mguu wa mtoto yule.

Tena katika mtaala mpya shule ya upili imegawanywa katika njia tatu: ya sayansi na hesabati, ya elimu ya jamii, na ya sanaa na michezo. Maana yake ni kwamba shauri lazima litolewe mapema zaidi, mtoto angali mdogo, naye akielekezwa pasipo Bayolojia na Kemia, hata awe na akili namna gani, kurudi kutakuwa na taabu. Zamani mshauri aliweza kungoja matokeo ya kidato cha nne. Sasa hana nafasi ya kungoja.

Wako wanaouona uuguzi kuwa kazi ya chini, khasa kwa mtoto wa kike wa nyumba ya heshima. Hawa na wakumbuke bibi Rufaida, aliyewatibu majeruhi katika hema ndani ya msikiti wa Mtume, na humo ndimo alimolazwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandak. Na bibi Rubayyi binti Muawwidh amesimulia, na Bukhari amepokea, kuwa wanawake walitoka pamoja na Mtume wakiwanywesha watu maji na kuwauguza majeruhi. Kazi iliyopata nafasi ndani ya msikiti wa Madina haiwezi kuwa aibu katika nyumba ya Mombasa, Lamu wala Malindi.

Na neno moja zito kwetu sisi wenye vilemba. Imam Ghazali, katika Ihya, ameihisabu tiba kuwa ni fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fiqhi ya magomvi, ilhali miji mingi haikuwa na tabibu ila asiye Mwislamu. Huko bara wamishionari waliitambua haja hiyo. Hospitali ya Tenwek ya Bomet, iliyoanza katika miaka ya 1930, na ile ya Kaplong karibu na Sotik, kila moja imetia na skuli ya wauguzi, na watu wa dini zote hutibiwa humo. Sisi tumewajibika kujiuliza: katika miskiti yetu yenye zulia jipya kila Ramadhani, ni mingapi yenye mtu mmoja anayeweza kumwambia kijana kwa yakini anayostahiki kusoma, gharama yake, na chuo gani kinatambuliwa? Fardhi ya tiba haianzii hospitali. Huanzia kwa yule anayeulizwa njia.

Hata hivyo mshauri asivuke mpaka wake. Kusema kweli si kuchagua kwa niaba ya mtu. Kazi yake ni kumuonyesha mwenzake milango iliyo wazi na iliyofungwa, ampe na khofu yake na matumaini yake kwa kipimo cha haki, kisha amwachie yeye na Mola wake katika istikhara. Yuko mshauri mwenye kosa la kinyume cha langu, ambaye kwa alama moja mbaya humfungia mtoto dunia yote. Huyo naye amedanganya, kwani ametaja mlango uliofungwa akaficha uliofunguliwa. Na ikiwa hajui, basi neno "sijui, twende tukaulize" ni nasaha kamili, nayo haimpunguzii mtu kilemba.

Nirudi Ndanai. Nilimwambia jamaa yetu: "Ndugu yangu, mwalimu yule hakukuhusudu. Amekuwekea amana yako vizuri kuliko nilivyomwekea mjane wa Mombasa." Nikamsimulia khabari ya bangili na ya mguu. Alinyamaza muda mrefu, wala sisemi kuwa alifurahi. Kisha nikamgeukia binti, kwani katika maneno yote yale hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nikasema: "Mwanangu, wewe wataka nini?" Akamtazama baba yake kwanza. Halafu akasema kuwa mama yake alipojifungua mdogo wake wa mwisho, daktari alipita mara moja, lakini muuguzi alikaa nao mpaka alfajiri, na tangu siku hiyo yeye hutaka kuwa yule aliyekaa.

Baba hakuitikia papo hapo. Alisema atafikiri. Asubuhi, kabla sijapanda gari, aliniuliza kama ofisi ya shule huwa wazi siku ya Jumamosi, apate kumuona mwalimu. Nikamjibu kuwa sijui, lakini twende tukaulize.

Basi ndugu waliouliza darasani, jawabu yangu ni hii. Mbele ya kadhi, mwenye kushauri huenda asidaiwe kitu. Mbele ya Mwenyezi Mungu, aliyeuliza akajua akasema kweli hana lawama hata kama mambo yatakwenda kombo; na aliyesema asilolijua, au akaficha analolijua ili apendwe, ana fungu lake katika kila dhara litakalotoka humo. Mimi kwa la kwangu nimetubu, na nimemwendea baba wa mtoto yule nikamuomba radhi. Alinisamehe. Mguu haukurudi.

Ewe Mola wetu, tuhifadhi na shari ya ndimi zetu, utujaalie tuulize tusipojua na tuseme kweli tujuapo, na uwape watoto wetu ilimu yenye manufaa kwao na kwa wagonjwa watakaowahudumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.